Uraka wa Siku Arobaini

Nilikaa Italia siku ishirini na tatu. Naitaja idadi hiyo mapema kwa sababu niliporudi nilisema kama mtu aliyezaliwa huko akaja Lindi kutembea. Nilimwambia muuza samaki wa sokoni kwamba watu wa pwani hatujui kukaanga. Nilianza kunywa kahawa kwa kikombe kidogo ambacho mtoto wa dada yangu alikuwa akichezea. Nikikaribishwa ugali, nauita polenta, halafu namweleza mwenye nyumba mahali alipoukosea. Watu wa Lindi ni wastaarabu, hawakunipiga. Walinipa jina tu, Sinyore, yaani Bwana kwa Kitaliano, nami kwa akili zangu finyu nikadhani ni sifa.

Aliyenipeleka ni tajiri yangu wa wakati ule, Mtaliano aliyefungua hoteli ndogo Kilwa Masoko, miaka ile milango ya nchi ilipofunguliwa na kila mgeni akaja na lake. Mimi nilikuwa mpishi wake. Masika moja, hoteli ikiwa haina hata mteja, alinipeleka kwa dada yake huko kwao vijijini nikajifunze upishi. Dada mtu alikuwa na shamba la zabibu, na wageni aliwalisha humo humo shambani.

Huko ndiko nilikoharibika. Jioni moja walikuja mwanamume na mwanamke wakawekewa meza ya peke yao katikati ya mizabibu. Kila sahani iliyotoka jikoni ilikuja na mvinyo wake, na kila mvinyo ulikuwa na ukoo. Huu umetoka upande unaopigwa na jua la asubuhi. Huu umetoka kwenye mizabibu iliyopandwa na babu. Huu umelala chini ya ardhi miaka sita. Yule mwanamke alionja, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole. Glasi ya nne ilipofika, mwanamume alitoa pete, na mwanamke akalia akakubali hata kabla hajameza.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na kitambaa cheupe mkononi. Nikajiambia, kumbe ndivyo inavyofanywa! Nilikuwa na miaka arobaini na moja, mke wangu wa kwanza alishaniacha kwa sababu ambazo karibu zote zilikuwa ndani ya chupa, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza kwamba chupa hiyo hiyo ikipangwa vizuri inaweza kumleta mwingine.

Hoteli ya Kilwa ilipopata mmiliki mpya, nilirudi Lindi nikafungua mgahawa karibu na stendi. Hapo ndipo alipoanza kuja Romana.

Romana, Mama Helena, alikuwa mjane wa miaka thelathini na saba, Mmakonde mwenzangu, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Siku hizo ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee wa korosho. Kampuni za watu binafsi zilikuwa zimemiminika, na yeye alikuwa mkaguzi wa kampuni mojawapo. Kazi yake ilikuwa kuchota korosho kwenye gunia, kuzipasua moja moja kwa kisu kidogo, na kuangalia nzima ngapi, mbovu ngapi. Wakulima walimwogopa kuliko hakimu. Ukianza kumsimulia jinsi korosho zako zilivyo safi, anakusikiliza mpaka mwisho, halafu anapasua.

Nilimpenda. Nasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu kipindi kile nilizunguka sana. Nilimuongezea nyama kwenye wali, nikamtajia miji ya Italia ambayo niliiona kupitia dirisha la treni. Miezi sita ikapita. Siku moja akaweka kijiko chini akaniambia, "Gregori, nasikia unakunywa."

"Kidogo," nikasema.

"Kidogo kama nini?"

Nikaanza kufuta meza, kwa sababu wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeokotwa mtaroni na wasafisha barabara.

"Mwanamume mlevi sitaki," akasema. "Sitarudia."

Mtu mwenye busara angepunguza kimyakimya. Mimi nilikwenda kanisani Jumapili iliyofuata, nikamsubiri mlangoni baada ya misa, na mbele ya Klementi katekista nikaapa kwamba tone la pombe halitagusa ulimi wangu mpaka siku atakayonijibu kama atanikubali. Klementi akasema amina. Kisha akalieleza jambo hilo mji mzima, kiasi kwamba hata kwenye vilabu vya pombe vya Mitandi nilikataliwa kukaa karibu na mlango. Hiyo ilikuwa Agosti ya mwaka tisini na nane. Hadi Desemba sikulamba hata kizibo, na kila nilipokutana naye nilimpumulia karibu na pua ili ajue.

Desemba hiyo kampuni ikampa barua ya kuhamia Mtwara, aripoti Jumatatu. Akaja mgahawani kuniambia. "Kabla sijaondoka nitakupa jibu lako," akasema. Nikamwomba aje Jumamosi jioni shambani kwangu, nyuma ya Ng'apa, nimwandalie chakula. Akakubali. Alikuja kwa jibu, nami nilitaka liwe ndiyo. Sikuwa na jambo jingine duniani.

Na chakula hicho, msinicheke, nilikuwa nimekianza siku arobaini kabla, nikingojea siku ya kumwalika.

Sina mizabibu. Nina mikorosho tisini niliyorithi kwa mjomba. Lakini mabibo, lile tunda linaloshika korosho, yana maji kuliko zabibu, na kila mtu wa kusini anajua kwamba ukiyakamua maji yake na kuyaacha usiku mmoja unapata uraka. Kila mtu wa kusini anajua pia kwamba uraka hunywewa siku hiyo, au kesho yake, na wa siku ya tatu anapewa mgeni usiyempenda. Mimi nilikuwa nimetoka Italia. Huko mvinyo unalala chini ya ardhi miaka sita unaamka umekuwa bora. Nikapiga hesabu kwamba uraka nao, ukilala siku arobaini, lazima utaamka na adabu fulani.

Nilikamua mabibo ya mti mmoja mmoja, bila kuchanganya, nikapata chupa nne zenye ukoo: Mti wa Mjomba, Mti wa Kichuguu, Mti wa Njiapanda, na Mti wa Radi, ambao ulipigwa na radi ukaendelea kuzaa. Nikaziba chupa kwa magunzi, nikachimba shimo chini ya banda, nikazilaza.

Aliyenisaidia kuchimba ni Fakihi, jirani yangu wa shamba, Mmwera, mtani wangu wa siku zote. "Unazika nini?" akauliza.

"Mvinyo."

"Na arobaini yake utasoma hitima?"

Tatizo, mnaliona. Mimi siruhusiwi kuonja kwa kiapo. Fakihi haruhusiwi kuonja kwa dini. Kwa hiyo mvinyo wangu ulikua bila mtu wa kuuliza habari zake. Siku tulipofukua, Ijumaa, nilichomoa gunzi la kwanza, Fakihi akarudi nyuma hatua tatu.

"Mimi kinywaji hiki sikijui," akasema, "lakini pua yangu inaniambia achari."

"Fakihi, wewe mambo ya mvinyo utayajua wapi?"

"Kweli," akasema. "Na achari naijua wapi?"

Nikamwonea huruma kwa ushamba wake.

Jumamosi, saa kumi na moja, pikapu ya kampuni ilimshusha Romana njiani. Dereva, Ismael, akaahidi kumfuata kabla giza halijaingia. Alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo sikuwahi kuliona, na amesuka nywele upya. Nilipoiona ile misuko nikajua mtu hasuki nywele siku nzima ili aje kukataa.

"Shemeji, karibu!" Fakihi akamlaki.

"Shemeji wa nani?"

"Wa siku za mbele, inshallah."

Romana akacheka kidogo. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu kilikuwa cha mwisho kwa muda mrefu.

Meza yangu ilikuwa mlango wa banda, niliung'oa nikaulaza juu ya mapipa mawili nikautandika shuka. Juu yake glasi nne za kuazima ukumbi wa parokia, kisu na uma, na maua ya porini ndani ya kopo la maziwa. Kiti kilikuwa kimoja. Mimi nilisimama nyuma yake na taulo jipya mkononi.

Hapa lazima nikiri upumbavu ambao niliugundua miezi mingi baadaye. Kule Italia yule mwanamume aliyependwa alikuwa ameketi. Aliyesimama alikuwa mtumishi. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kazi ya mtumishi tu, na nilipotaka kuwa mpenzi, hiyo ndiyo kazi niliyoifanya, kwa bidii.

"Kiti chako kiko wapi?" Romana akauliza.

"Mimi leo ni wa kukuhudumia."

"Huli?"

"Nitakula baadaye."

Akanitazama, kisha akatazama sahani. Nilikuwa nimemwekea ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini ambavyo hakuna mtu wa Lindi asiyevipenda, pamoja na chumvi na pilipili. Nikamimina glasi ya kwanza. "Mti wa Mjomba," nikasema, kwa ile sauti ya dada wa tajiri yangu. "Upande wa mashariki, jua la asubuhi. Mwepesi, una haya kidogo, kama binti wa kidato cha kwanza."

"Wewe hunywi?"

"Nilikuapia, Mama Helena," nikasema, nikajivuna mpaka kifungo cha shati kikalalamika. "Hata tone."

Akachukua mng'oko, akaumenya mwenyewe, polepole, akala. Akamenya wa pili na wa tatu. Glasi hakuigusa. Nikadhani anaionja kwanza ladha ya chakula, kama walivyo wajuzi.

Nikaleta pweza wa nazi, na glasi ya pili, Mti wa Kichuguu. Nikaeleza kuhusu mchwa na jinsi wanavyolainisha udongo. Romana aliugeuza geuza uma ndani ya mchuzi.

"Umepika na nani?"

"Peke yangu. Hakuna mwingine aliyetia mkono."

"Na kina nani wengine watakula?"

"Hakuna. Nimekupikia wewe peke yako."

"Sufuria nzima hii, mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako," nikanong'ona, karibu na sikio lake, kwa mahaba yote niliyokuwa nayo. Mabega yake yakakakamaa. Nikasema moyoni, sasa inaingia.

Kila jibu langu lilikuwa koleo la mchanga, na kaburi nililokuwa nachimba lilikuwa langu.

Kuku akaja, wa kienyeji, wa kuchoma, na Mti wa Njiapanda. Romana hakumgusa. Nzi mmoja alitua kwenye ukingo wa glasi, akafikiri, akaondoka. Kule kwenye mkorosho wa pili Fakihi, aliyekuwa akigeuza makaa, alianza kunifanyia ishara kwa mikono yote miwili, kaa chini, kaa chini, na mimi nikamgeuzia mgongo kwa sababu nilidhani ananidhihaki. Nikaleta korosho changa zilizopikwa kwa nazi na sukari, nikamimina Mti wa Radi, hadithi ya radi nikaisimulia yote. Glasi nne zilikuwa zimejipanga mbele yake zimejaa pomoni. Sahani tatu za chakula kilichopoa. Maganda ya ming'oko mitatu.

Glasi ya nne ilikuwa imefika. Nikazunguka mbele ya meza, nikapiga goti, taulo likiwa bado mkononi.

"Onja huu tu," nikamwambia. "Onja, halafu unijibu."

Romana akasimama.

"Gari la Ismael litapita saa ngapi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika, na nilipomtazama usoni niliona jambo ambalo sikulitegemea. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaogopa. Mwanamke ambaye wakulima wa wilaya nzima walimwogopa alikuwa ameshikilia ukingo wa meza yangu, na anayemwogopa ni mimi.

"Nimekosea nini?" nikasema.

Akazitazama zile glasi nne. "Unajua baba yake Helena alikufaje?"

Nilijua walichosema watu, kwamba Sebastiani alikufa kwa kunywa. Nikatikisa kichwa hivyo hivyo, ndiyo na hapana.

"Aliitwa na rafiki yake kule Mtama, kwenye karamu," akasema. "Mimi nilikuwepo. Wengine walikunywa kwenye mtungi. Yeye akaletewa kikombe chake peke yake, kwa heshima. Mwenye nyumba hakuonja. Alisema tumbo linamuuma. Sebastiani akaona aibu kumwambia mwenzake aonje kwanza, akanywa. Siku ya tatu tukamzika. Daktari aliandika ini. Mama mkwe alisema kikombe. Mimi sijui, Gregori. Miaka sita sijui." Akavuta pumzi. "Kwako mgahawani nakula kwa sababu sufuria ni moja na walaji ni hamsini. Leo nimekuja, mwenyeji wangu haketi, hali, hanywi. Amenipikia mimi peke yangu, hakuna mwingine aliyetia mkono. Anasimama nyuma yangu na kitambaa ananihimiza ninywe. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini?"

Ningependa kusema ardhi ilipasuka ikanimeza, lakini ardhi ilikaa kimya na mimi nikabaki pale nimepiga goti. Mwenyeji huonja kwanza. Hilo nalijua tangu sijaota meno. Bibi yangu alikuwa haweki kata ya maji mbele ya mgeni bila kupiga funda moja yeye mwenyewe. Ni jambo dogo hata halina jina, tunalifanya bila kufikiri, na siku ishirini na tatu za Italia zilitosha kulifuta kichwani mwangu. Niliona aibu ambayo sijaiona hata siku nilipookotwa mtaroni.

Nikaruka nikaishika glasi ya kwanza. "Naonja! Naonja sasa hivi, zote!"

Akanishika mkono. "Na kiapo?"

Nikasimama na glasi hewani. Mbele ya katekista, mpaka siku atakayonijibu. Nikionja, mimi ni mlevi asiye na neno. Nisipoonja, mimi ni muuaji. Nimewahi kujiingiza kwenye mambo ya kijinga, ila mara nyingi huwa yana mlango wa kutokea.

"Fakihi ataonja!" nikasema.

"Usinipeleke motoni kwa ajili ya posa yako!" Fakihi akapiga kelele kutoka kwenye makaa.

"Basi nijibu kwanza," nikamwambia Romana. "Ukishanijibu, kiapo kimeisha, nitaonja."

"Nikujibu ndiyo mtu ambaye nashindwa kunywa kwake?"

Honi ya pikapu ikasikika kule njiani. Ismael amefika.

Niliiweka ile glasi mezani. Nikaona jinsi alivyokuwa akiitazama njia ya kwenda garini, na ghafla karamu yote ikanitoka moyoni, miti yenye ukoo, glasi za parokia, jibu lenyewe. Sikutaka tena anikubali. Nilitaka tu asiogope.

"Acha, Mama Helena," nikasema. "Usinywe. Kinywaji kinachokutisha hakina maana, hata kingekuwa cha peponi. Nitakimwaga. Twende nikusindikize kwenye gari. Jibu nalo liache. Sikudai."

Nikachukua glasi ya kwanza nikaanza kuimwaga chini.

"Ngoja," akasema.

Alinitazama kama anavyotazama korosho iliyopasuliwa, muda mrefu, upande huu na upande huu. Kisha akaichukua glasi ya pili, ile ya Mti wa Kichuguu.

"Sebastiani hakuna aliyemwambia, acha, usinywe," akasema.

Akanywa. Akanywa yote, kwa mkupuo, macho ameyafumba.

Mimi nilijua hakuna kitu ndani. Niliukamua kwa mikono yangu. Lakini alipofungua mdomo na uso wake ukakunjamana kuanzia paji la uso mpaka kidevuni, na machozi yakamtoka, na akashika koo, nilipiga ukelele kama mwanamke mwenye utungu. Fakihi akaja mbio na koleo la makaa, akidhani kuna nyoka.

"Gregori," Romana akasema alipopata sauti.

"Naam."

"Uraka huu una siku ngapi?"

"Arobaini."

"Arobaini!"

"Kule mvinyo..."

"Gregori, hii ni siki."

"Nilisema!" Fakihi akasema. "Nilimwambia achari!"

Romana akaketi. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, vyote kwa pamoja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia mgahawani wala ghalani. Akajifuta kwa lile taulo langu. Kisha akafanya ambacho nisingethubutu kumwomba. Akavuta glasi ya Mti wa Njiapanda, akaonja, akaisukuma pembeni. "Mbovu." Akavuta ya Mti wa Radi. "Mbovu. Mbovu kuliko mwenzake." Akachukua chupa ya Mti wa Mjomba akaonja mabaki kwenye kiganja. "Na binti wako wa kidato cha kwanza, mbovu. Gunia zima nalikataa."

"Samahani," nikasema.

"Miaka sita sijanywa kitu ambacho mwenyeji hajakionja," akasema, safari hii bila kucheka. "Leo nimekunywa vinne. Tafuta pa kukaa."

"Kiti ni kimoja."

"Geuza ndoo."

Nikageuza ndoo, nikaketi, magoti yakanifika kidevuni. Akaivuta sahani ya kuku akaiweka katikati yetu, akavitupa kisu na uma kando. "Kula," akasema. Nikachana paja, nikala. Akachana upande ule ule, akala. Kuku alikuwa amepoa, na mafuta yameganda, na tulimla mpaka mifupa.

Ismael akapiga honi tena, na tena.

"Fakihi," Romana akasema, akilamba kidole. "Nenda kamwambie Ismael asubiri. Mwambie nakula na mume wangu."

Fakihi akaondoka mbio. Mimi nikabaki na mfupa mdomoni.

"Wajomba zangu utawafuata baada ya Krismasi," akaendelea, kama mtu anayepanga magunia. "Usiwapelekee uraka. Na mgahawa utauhamishia Mtwara, huko hawajasikia habari za kiapo chako, kwa hiyo nitakuangalia mwenyewe." Kisha akaijaza glasi ya nne mpaka juu, ile mbovu kuliko zote, akaisogeza mbele yangu. "Umeshajibiwa. Haya, onja ulichonipa."

Nikainywa yote mpaka chini, pombe yangu ya kwanza tangu Agosti, na machozi yakanitiririka mpaka shingoni. Ndoa ina miaka mingi sasa, na bado namwambia yalikuwa ya siki.